Namba ya Siri ya Jerioth

Mashine haikuwa na haraka hata kidogo. Ilikuwa kisanduku cheusi tu, kimeunganishwa kwa waya na simu ya Jerioth Wairimu, na kazi yake ilikuwa moja: kukisia. Inajaribu namba ya siri, inakosa, inasubiri, inajaribu nyingine. Inspekta Dafrosa Kabyemera alikuwa ameikodolea macho tangu asubuhi, kahawa yake ikapoa mkononi bila yeye kuinywa.

"Ukiiangalia haiongezi mwendo," alisema Filip bila kugeuka.

Filip alikuwa fundi wa simu katika jengo la polisi pale Kungsholmen, Msweden mpole aliyeongea na vifaa vyake kuliko alivyoongea na watu. Yeye na Dafrosa walizungumza Kiswidi, na walielewana kwa sababu wote wawili hawakupenda maneno mengi.

"Itachukua muda gani?"

"Inaweza kufunguka leo. Inaweza kufunguka mwezi ujao. Mumewe amejaribu namba za ovyo mpaka simu ikaanza kujibana yenyewe, ikichelewesha kila jaribio jipya. Na mbaya zaidi, ilizimika. Simu ya namna hii ikizimwa ikawashwa, mpaka mwenyewe aingize namba yake, kila kilichomo ndani kimesimbwa. Meseji, picha, ramani, vyote ni uji. Hata kiwanda kilichoitengeneza hakiwezi kuusoma uji huo."

"Na kuna mtu anaweza kufa wakati sisi tunasubiri."

"Simu haijui hayo, Dafrosa."

Kweli haikujua. Kilichokuwa kinajulikana ni hiki: Jerioth, nesi Mkenya wa hospitali kubwa ya Flemingsberg, aliondoka nyumbani kwake Märsta Ijumaa asubuhi na hakufika kazini. Mumewe, Severin Mushi, akaikuta simu yake chumba cha kufulia cha jengo lao, imeachwa juu ya mashine ya kukaushia nguo. Kwenye kioo kulikuwa na meseji iliyoingia na kubaki pale juu, ya mtu aliyeandikwa kwa herufi moja tu, B. Severin akaipiga picha kwa simu yake mwenyewe, na picha hiyo sasa ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya meza ya Filip:

*Sawa dada. Najua utakuwa mteja, usijali. Mzigo uko kwangu.*

Hakuna aliyemwita mkalimani. Wa nini, wakati Dafrosa mwenyewe alizaliwa Bukoba, akasoma Dar es Salaam, na Kiswahili ndicho anachokitumia hata kuhesabia? Aliisoma mara moja ikamwelea. Mteja ni mnunuzi. Mzigo, ukitajwa kwa kunong'ona namna ile, kila mtu aliyewahi kukaa Dar anajua si magunia ya mchele. Nesi, anayeshika morfini kila siku. Dafrosa akaiandika hivyo, mwanamke amejiingiza kwa wauza dawa na sasa wamemshika, na mwendesha mashtaka akasaini uamuzi wa kuivunja simu asubuhi hiyo hiyo.

"Hospitali wamejibu," alisema Filip, akisoma kwenye kompyuta. "Wamekagua kabati za dawa za wodi yake. Hakuna kilichopungua."

"Mwizi hodari haachi pengo."

"Au hakuna mwizi."

Simu ya mezani iliita: Severin Mushi alikuwa mapokezi, tena, na alikuwa anauliza kama simu imefunguka.

*

Alikaa kwenye chumba cha mahojiano akiwa na koti lake la baridi bado mwilini, mtu mrefu, nadhifu, injinia wa kompyuta huko Kista. Macho yalikuwa mekundu. Dafrosa alipoingia alisimama, kwa adabu za nyumbani.

"Dada Dafrosa, za tangu jana? Bado tu? Mimi nilidhani Mhaya akikitolea kitu Kiingereza kinafunguka chenyewe."

"Na ingekuwa mikononi mwa Mchaga tungeshaikuta sokoni. Keti, kaka Severin."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wa nchi moja waliokutana ugenini. Kisha Dafrosa akaiweka mezani nakala ya picha ile ile.

"Ulisema simu ilizimika kwa sababu gani?"

"Chaji iliisha."

"Tazama hapa kwenye kona. Ulipoipiga picha chaji ilikuwa karibu kujaa. Hiyo ni Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi ulituletea simu imeshazimwa ikawashwa."

Severin aliinama akaitazama kona ya picha. Alichukua muda wake.

"Wacha nikuambie, dada. Hiyo betri ni bure kabisa. Inaonyesha imejaa, ukigeuka imekata. Jerioth ako na tabia ya kuichezea simu usiku kucha, ameiua."

"'Ako'! Heee, umeshahamia Kenya."

"Miaka tisa na Mkikuyu, nitafanyaje? Siku hizi hata ndoto naota Kikenya." Alijipangusa uso kwa viganja. "Nimeoa mtu nisiyemjua, dada. Neno lenyewe umelisoma. Mteja. Mimi na wewe ni Watanzania, hilo halihitaji mkalimani. Mimi hata kulitamka naona aibu."

"Uliwahi kumwona akitumia chochote?"

"Alikuwa amebadilika. Kimya. Anaoga muda mrefu. Wiki ile ile akabadilisha namba ya siri ya simu."

"Kabla ya hapo ulikuwa unaijua?"

"Sisi ni mke na mume. Hatukufichana."

"Basi yeye alikuwa anaijua yako."

Severin alinyanyua macho. "Hakuwahi kuniuliza."

Severin akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa vizuri, akainyoosha mezani kwa upande wa kiganja. Ilikuwa risiti ya simu.

"Imeandikwa jina langu. Na laini ina jina langu. Mkimaliza, naomba mnirudishie ikiwa wazi."

"Kaka Severin, unamtafuta mkeo au unaitafuta simu?"

"Simu ndiyo itakayonipeleka kwa mke wangu."

"Itakayotupeleka."

"Ndiyo," alisema Severin. "Itakayotupeleka. Nisamehe dada, sijalala."

Dafrosa alimwonea huruma. Lazima isemwe hivyo, kwa sababu alimwonea huruma kweli: alimshika bega, akamwambia aende akale kitu. Severin akasema hana pa kwenda, atakaa palepale mapokezi mpaka simu ifunguke.

*

Herufi B ilipata mwili kabla ya mchana. Msimamizi wa wodi ya Jerioth alisema kwa simu kwamba rafiki yake wa kufa na kuzikana pale kazini ni nesi mwenzake, Mkenya mwingine, jina lake Bridget Ochola. Dafrosa akampigia Bridget. Hapatikani. Akampigia tena. Hapatikani. Mtu mwenye shughuli safi, alijiambia Dafrosa, hazimi simu siku ambayo rafiki yake anatafutwa na polisi.

Akapanda treni kwenda Flemingsberg, na njia nzima akawa anapanga jinsi ya kumbana. Ataanza kwa upole. Kisha ataitaja morfini ghafla. Kisha atamwambia kwamba simu yake nayo inaweza kuchukuliwa, leo leo, na kufungwa kwenye mashine kama ile nyingine. Kila dakika inayopita ni dakika moja ya Jerioth mikononi mwa watu asiowajua, na Bridget huyo anawajua. Hivyo ndivyo alivyoamini, na aliamini sana.

Alielekezwa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, chenye meza ya mviringo, mashine ya kahawa, na safu ya makabati ya chuma ukutani. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Akaingia mwanamke mnene wa sare nyeupe, anahema, simu mkononi ndiyo kwanza inawaka.

"Madam, pole sana, aki. Naona umenipigia. Nimekuwa mteja tangu asubuhi."

Mkono wa Dafrosa ulikuwa umeshaingia mfukoni kutoa kitambulisho. Ulibaki humo humo.

"Umekuwa nini?"

"Mteja."

"Mteja wa nani?"

Bridget alimtazama kwa uangalifu, jinsi nesi anavyomtazama mgonjwa anayeanza kuongea visivyoeleweka. "Wa nani vipi? Kwani mteja ako na mwenyewe? Simu ilikuwa imezimwa, madam. Kwa wodi huwa naizima. Kwetu ukimpigia mtu amezima, ile sauti inakuambia mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Basi tunasema huyo ako mteja. Kwani nyinyi Watz husemaje?"

"Tunasema hapatikani."

"Si ni hiyo hiyo! Sisi tumeshika kichwa cha sentensi, nyinyi mmeshika mkia."

Dafrosa alivuta kiti akakaa. Uso ulimwaka moto mpaka masikioni. *Najua utakuwa mteja, usijali.* Najua utazima simu. Najua hutapatikana, usiwe na wasiwasi. Hakuna dawa, hakuna wauzaji, hakuna nesi mwizi. Kulikuwa na mwanamke aliyemuaga rafiki yake kwamba anazima simu, na inspekta mzima, mzaliwa wa lugha hiyo, akamwandikia mwendesha mashtaka tafsiri ya vijiwe vya Manzese, Dar. Loo! Angekuwa mkalimani wa kukodi angemfukuza.

Lakini kosa hilo lilikuwa na ndugu yake, na huyo ndugu ndiye aliyemfanya ainue kichwa. Kwa Mtanzania aliyekulia Tanzania, kupotea hapo ilikuwa haki yake. Severin Mushi je? Miaka tisa kitanda kimoja na Mkikuyu. Anayeota Kikenya. Huyo naye hakulijua neno ambalo mkewe bila shaka hulitamka kila wiki?

Aliitoa picha akaiweka mezani.

"Dada Bridget, hii ni meseji yako."

Bridget aliitazama, akaacha kuhema. Akaiweka simu yake chini ya meza, mapajani, na kuishikilia kwa mikono miwili.

"Sina la kusema. Na simu yangu sikupi. Ukitaka uje na karatasi ya korti."

"Siitaki simu yako. Mzigo ni nini?"

"Nimesema sina la kusema."

"Ni sanduku la nguo?"

Macho ya Bridget yalikwenda kwenye makabati ya chuma na kurudi haraka mno. Dafrosa hakuyafuata.

"Hutaki kuniamini, na mimi pia siwezi kukuamini wewe kwa neno lako tu. Unaweza kuwa umenitengenezea hiyo maana ya mteja sasa hivi, mlangoni. Kwa hiyo tutamuuliza mtu mwingine. Wewe nyamaza tu, usikilize."

Aliipiga namba ya Severin, akaiweka simu katikati ya meza ikiwa na sauti ya nje. Iliita mara moja tu.

"Dada Dafrosa! Imefunguka?"

"Kaka Severin, mbona nakutafuta unakuwa mteja?"

"Aa, samahani dada, hapa kwenu mtandao unasumbua kweli, nilikuwa nimezima nikawasha. Sasa hivi niko hewani. Vipi, imefunguka?"

"Bado. Unisubiri hapo hapo, tafadhali, usiondoke."

"Siondoki."

Alikata. Wote wawili waliendelea kuitazama simu ile. Dafrosa hakuwa amempigia Severin hata mara moja tangu waagane. Alichomwekea ni neno tu, na Severin alikuwa amelipokea bila kujikwaa, bila kuuliza mteja wa nani, wa nini.

"Alijua," alisema Dafrosa. "Alijua tangu Ijumaa. Aliona mimi ni Mtanzania, akaniachia nilisome vibaya mwenyewe."

Na yaliyobaki yakajipanga bila kusukumwa. Betri haikuisha: alikuwa ameizima na kuiwasha mwenyewe akitafuta njia ya kuingia, akaharibu, akabaki na uji. Polisi hawafungui simu ya mke aliyemkimbia mumewe, kwa hiyo aliwapa nesi mla dawa aliyetekwa. Wao wavunje, yeye akae mapokezi na risiti.

"Bridget. Anamkimbia, sivyo?"

Bridget alianza kulia bila sauti, machozi tu yanashuka, na aliongea huku yanashuka.

"Mimi nilimwona shingo. Tukiwa tunabadilisha sare, hapa hapa. Alikuwa amevaa kitambaa, akakitoa akisahau niko nyuma yake. Vidole, madam. Vidole vyote vilikuwa vimejichora. Mimi ni nesi, siwezi danganywa ati ni mkufu umembana. Nikamwambia twende polisi. Akasema nikienda bwanangu atajua, anasoma simu yangu kila jioni, anaijua kila barabara nimepita. Severin alimwambia akiondoka atamfuata, na akimpata hatarudi naye akiwa hai. Alisema hivyo akila chakula, tena bila kupaza sauti."

"Sasa hivi yuko salama?"

"Ako mahali. Mpaka jamaa ajue."

"Na mahali hapo pamo kwenye simu?"

"Yote imo. Alitafuta kwa ramani, akaongea na hao watu kwa ile programu hakuna mtu anaweza kuingilia. Alijua polisi wenyewe hawawezi kuifungua hiyo simu, ndiyo maana aliiacha, ni vile tu alisahau kuizima. Alikuwa anaogopa kutembea nayo kuliko kuiacha."

Simu ya Dafrosa iliita mezani, wote wawili wakaruka. Alikuwa Filip.

"Imefunguka," alisema Filip, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na furaha. "Tuna bahati ya ajabu. Na ukurasa wa kwanza tu una unachokitaka. Mahali pa mwisho alipotafuta kwenye ramani ni—"

"Nyamaza, Filip!"

Alipiga kelele kiasi kwamba nesi mmoja alichungulia mlangoni.

"Usilitaje. Usiniambie mimi, usimwambie mtu yeyote. Umeliandika popote?"

"Bado. Dafrosa, nini?"

"Nikilijua nitalazimika kuliandika, na nikiliandika ipo siku wakili wa mume atalisoma. Tafsiri yangu ilikuwa mbovu. Hakuna dawa za kulevya. Amemkimbia mumewe, na mumewe ndiye anayetutumia sisi kumtafuta. Izime hiyo simu."

Ulisikika mlio mdogo wa kitu kuzimwa.

"Imezimika. Imerudi kuwa uji," alisema Filip. Halafu akashusha pumzi. "Lakini fikiria vizuri. Uamuzi wa mwendesha mashtaka ulisimama juu ya dawa. Dawa zikianguka, uamuzi unaanguka, na hatuna tena sababu ya kukaa na simu. Inarudi kwa mwenye risiti. Na mwenye risiti yuko chini, nimempita nikienda kula."

"Ataikuta imefungwa."

"Sisi tumeipata kwa siku moja. Yeye ni injinia, na hana haraka. Wapo watu wanaouza kazi hii. Ataipata."

"Nina shahidi hapa. Amemwona shingo."

"Shahidi wa alama, siku kadhaa baadaye. Mkewe mwenyewe hajashtaki. Utamshikilia leo kwa hilo tu?"

Dafrosa alijua jibu. Kwa hilo tu, Severin angehojiwa kwa heshima na kurudi zake Märsta, na simu mfukoni.

"Usimshushie mtu chochote mpaka nikupigie," alisema. "Mwambie mwendesha mashtaka tafsiri imebadilika na ninakuja na nyingine. Neno kwa neno hivyo hivyo."

Alipokata, Bridget alikuwa ameshaelewa. Hakujua Kiswidi cha sheria, lakini alijua uso wa mtu anayeleta majibu mabaya kutoka maabara.

"Mmeifungua."

"Tumeifungua. Mimi ndiye niliyeomba. Tumeizima tena na sijui alipo, wala sitaki kujua. Lakini jioni hii Severin anaondoka na simu hiyo kihalali kabisa, isipokuwa Jerioth mwenyewe akifungua kesi. Akishtaki, simu inakuwa ushahidi wake, haitoki kwetu, na Severin hatoki mapokezi. Asiposhtaki, mimi nitakuwa nimemfanyia kazi mumewe. Unaweza kumpata?"

"Nilimwapia sitampigia."

"Najua."

"Nilimwapia kwa Mungu, madam."

Bridget alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, kama mtu aliyepotelewa na kitu mlemle ndani. Aliufunga mlango wa chumba kwa ufunguo. Akaenda kwenye makabati, akafungua lake, akatoa soksi nene ya baridi, na ndani ya soksi akatoa kasimu ka vibonye.

"Mzigo wenyewe ndio huu. Kabambe," alisema, akijaribu kutabasamu. "Haina ramani, haina kitu. Ako na kama hii. Zinajua namba moja tu kila moja."

Alibonyeza, akaiweka sikioni. Iliita kwa muda mrefu. Dafrosa alijikuta ameshikilia ukingo wa meza. Kisha Bridget akaanza kuongea Kiswahili cha haraka, chini chini: ni mimi, hapana, si yeye, hapana tulia, niko na dada mmoja wa polisi, ni Mtz, hapana, yeye mwenyewe amesema nisimwambie uko wapi. Akasikiliza. Akampa Dafrosa simu.

"Dada Jerioth," alisema Dafrosa. "Pole. Usiniambie ulipo."

Sauti iliyojibu ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka. "Simu yangu imefunguliwa?"

Angeweza kusema uongo, na ungekuwa uongo wa kumsaidia. "Ndiyo. Nilisoma meseji ya Bridget vibaya. Nilidhani wewe ni mteja wa dawa."

Ikaja sauti ya ajabu, na Dafrosa ilimchukua muda kutambua kwamba Jerioth alikuwa anacheka. Kicheko hakikudumu.

"Nyinyi watu," alisema Jerioth. "Nilikaa nikifikiria kila njia anaweza kunipata. Hii sikuifikiria. Nani ameisoma?"

"Fundi mmoja ameona mstari mmoja. Ameizima simu. Severin yuko kwetu chini, anaisubiri." Akamweleza yote, bila kupunguza: kesi ikifunguliwa, simu inabaki na Severin anashikiliwa. Isipofunguliwa, risiti inashinda.

"Nikishtaki mtaisoma yote."

"Tutasoma utakachotaja."

"Msiniambie hivyo. Kule nyumbani pia nilianza na kitu kimoja tu. Nionyeshe hii tu, mpenzi, nitulie, ananiambia. Kesho yake ile. Kuna vitu mle si vya polisi, si vya Severin, si vya Bridget. Si vibaya. Ni vyangu."

"Basi isisomwe," alisema Dafrosa. "Hata mstari. Nitaandika kwamba mwenye simu amekataa, na nitafanya kesi kwa maneno yako na shingo aliyoiona Bridget. Itakuwa ngumu zaidi. Naweza kushindwa."

"Ukishindwa?"

"Ushahidi ukishindwa, atatoka. Nitakuwa nimekuambia mapema, si baada."

Bridget alikuwa ameketi, sare imemkunjamana, mdomo ameuziba kwa kiganja chake mwenyewe. Nje ya mlango mtu alijaribu kitasa, akakuta pamefungwa, akaondoka. Dafrosa alisikia pumzi ya Jerioth, na nyuma yake sauti ya maji yanayofunguliwa na kufungwa, nyumba ya mtu fulani, jiko la mtu fulani. Akajizuia kusikiliza zaidi.

"Una kalamu?" aliuliza Jerioth.

"Ninayo."

"Andika hivi. Nilikuwa nimelala. Nikashtuka mtu ananishika mkono polepole, nikadhani ni mapenzi. Nikafurahi. Nikafungua macho, nikamwona amekaa ukingoni mwa kitanda na simu yangu, anachagua kidole cha kuifungulia."